Kuweka misimbo ya kazi: tengeneza swali kwanza

Dada mmoja anayefanya utafiti wa ajira hapa Moshi aliniletea madodoso nimsaidie kuweka misimbo, yaani kuipa kila kazi namba yake. Safu ya kazi ilijaa maneno matatu: biashara, fundi, mkulima. Nilimwelekeza hivi.

1. Tumia mfumo uliopo. Usitunge wako. Shirika la Kazi Duniani lina ISCO-08, orodha ya kimataifa ya kupanga kazi, nasi Tanzania tuna TASCO iliyojengwa juu yake. Namba ninazotaja hapa ni za ISCO-08: makundi makuu 10, yanayogawanyika hadi makundi madogo 436 yenye msimbo wa tarakimu nne.

2. Fungua Excel. Safu ya msimbo iwe ya maandishi tangu mwanzo, la sivyo 0110 ya maofisa wa jeshi itageuka 110. Programu zinazodai kuweka misimbo zenyewe sizitaki. Hebu ziulize deiwaka wa daladala ni nani.

3. Rekebisha swali. Hapa ndipo muda wote huishia. "Unafanya kazi gani?" peke yake halitoshi. Ongeza: "Hasa unafanya nini siku nzima?" Mdadisi aandike jibu lote kama lilivyosemwa, asilifupishe.

Mama akisema "biashara", bado hujapata kitu. Mwenye meza ya mitumba pale soko la Memorial ni 5211. Anayezitembeza nguo mkononi ni 9520. Anayepika na kuuza chakula barabarani ni 5212. Mwenye duka ni 5221, lakini binti aliyemwajiri kuuza humo ni 5223. Vivyo hivyo seremala: anayepaua nyumba ni 7115, wa vitanda na makabati ni 7522.

Mkulima ndiye mgumu kuliko wote. Kihamba kimoja, shamba la nyumbani la Wachaga, kina kahawa, migomba na ng'ombe wawili. Muulize mazao na maziwa mengi huenda wapi, sokoni au jikoni. Ikiwa ni jikoni, 6330. Ikiwa ni sokoni, 6130. Anayeishi kwa kuuza kahawa tu ni 6112. Kibarua wa kuchuma kahawa ya mwenzake haingii humo kabisa, ni 9211.

Kisha kuna wanaotaja pahali badala ya kazi. "Niko utalii" linaweza kuwa la mwongoza wageni (5113), la mpishi wa msafara (5120) au la mgumu anayebeba mizigo mlimani (9621). "Nimejiajiri" nalo ni jibu la swali lingine. Lina safu yake. Na usiangalie vyeti: mwenye shahada anayeendesha bodaboda ni 8321, hata kama mama yake atakasirika.

4. Kazi mbili ndani ya moja. Fundi cherehani anayeshona na kuuza anachoshona ni 7531, kwa sababu kuzalisha hutangulia kuuza. Majukumu yakitofautiana kwa ujuzi, fuata lile linalohitaji ujuzi mkubwa zaidi.

5. Watu wawili, kila mmoja peke yake. Wape madodoso yaleyale, kisha linganisha. Walipotofautiana, rudini kwenye maelezo ya mhojiwa. Yasipotosheleza, msibahatishe, wala msikimbilie 9629 kana kwamba ni jalala. Andikeni tarakimu mnazozijua tu: seremala asiyeeleza anatengeneza nini anabaki 7.