Somo: Jifunze utetezi wa wagonjwa na uchambuzi wa takwimu za afya kwa pamoja

Wengi wanaoulizia kazi hii wanataka kuchagua upande mmoja: kutetea wagonjwa, au kukaa na kompyuta. Ushauri wangu ni kujifunza vyote viwili tangu mwanzo. Mtetezi asiye na takwimu huambiwa "hilo ni la mtu mmoja tu", na mchambuzi asiyewajua wagonjwa huchora grafu zisizojibu swali la yeyote. Nazungumzia Tanzania, ninakoijua kazi hii.

Hatua ya 1: Anza na kitabu, kompyuta baadaye

Takwimu za zahanati huzaliwa kwenye vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya): Na. 5 cha wagonjwa wa nje, Na. 6 cha wajawazito, Na. 12 cha wanaojifungua, na vinginevyo. Kila mtu ana mstari wake. Mwisho wa mwezi muuguzi anahesabu kwa vistari kwenye fomu ya majumuisho, jumla inahamia kwenye ripoti ya mwezi, kisha inaingizwa DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya takwimu za afya. Muombe mganga mfawidhi ruhusa ukae na anayejumlisha. Utakuta mara nyingi ni mtu yuleyule aliyezalisha usiku na kuchanja asubuhi, na utaacha kushangaa kwa nini kuna visanduku vitupu. Hivyo visanduku viangalie kwa makini: sifuri maana yake hakuna aliyekuja, kisanduku kitupu maana yake hatujui. Ukivichanganya, uchambuzi wote umeharibika.

Hatua ya 2: Hesabu chache, uzijue vizuri

Chukua chanjo ya penta, ile ya kukinga magonjwa matano, anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tuseme kituo kimeandika dozi 240 za penta 1 na 204 za penta 3. Tofauti ni 36. Gawanya kwa 240, unapata asilimia 15. Ikizidi 10, kuna tatizo la watoto kuanza bila kumaliza. Tumia mwaka mzima, si mwezi mmoja, kwa sababu wanaopata penta 3 mwezi huu si wale walioanza mwezi huu.

Mtego mwingine ni kiwango cha chanjo cha asilimia 118. Usikimbilie kusema mtu amepika takwimu. Idadi ya watoto wanaotarajiwa inatokana na makadirio ya sensa, nayo hayajui kwamba mgodi umefunguliwa jirani au kwamba akina mama wa kata ya pili wanakuja kwenu kwa kuwa kwao friji ya chanjo imeharibika. Uliza kwanza.

Kwa yote haya Excel inatosha, hasa ukiijua pivoti, jedwali la kujumlisha na kupanga data. R na Python, lugha za kompyuta za uchambuzi, zitakuja.

Hatua ya 3: Fuata watu walio nyuma ya namba

Lile pengo la 36 lina sababu, na kompyuta haiijui. Nenda na mhudumu wa afya ngazi ya jamii nyumba kwa nyumba. Utasikia: nilihamia shambani msimu wa kilimo; nilifika chanjo zimeisha; nilikaripiwa kwa kuchelewa nikaona haya kurudi. Kila jibu lina mlango wake wa kugonga.

Hapo ndipo ujue haki. Sera ya Afya ya 2007 inawapa msamaha wa malipo wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Jua ofisi ya ustawi wa jamii hospitalini iko wapi, na nani wako kwenye kamati ya usimamizi wa kituo. Wa kujifunza kwao ni WAVIU (watu wanaoishi na VVU) washauri wa CTC, kliniki za huduma na matibabu ya VVU: wanaishi na VVU wenyewe, wanafuatilia waliopotea kwenye huduma, na wanajua kusoma rejista.

Hatua ya 4: Siri

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Usipige picha ukurasa wa rejista ukautuma WhatsApp, hata kwa bosi wako. Ondoa majina kabla faili halijatoka kituoni. Kijijini, umri na kitongoji tu vinatosha kumtambulisha mtu, kwa hiyo navyo vichunge.

Hatua ya 5: Vyeti

Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika pale Changanyikeni kwa takwimu. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Kijitonyama, kwa upande wa watu. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kwa afya ya jamii. Mafunzo ya msingi ya DHIS2 yapo bure mtandaoni kutoka Chuo Kikuu cha Oslo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni muuguzi, hesabu ziliniacha tangu sekondari. Nitaweza?*

Marahaba. Kujumlisha, kugawanya na asilimia ndiyo sehemu kubwa ya kazi. Wewe tayari unajua kitabu kinajazwaje, na hilo wengi wa takwimu hawalijui.

*Niko Marekani, nahudumia wazee wetu hospitalini kama mkalimani. Kuna cheti?*

Kipo: BCPA, cheti cha mtetezi wa wagonjwa, chenye mtihani tangu 2018, na hakidai shahada maalumu. Ukalimani wako ni msingi mzuri. Soma pia sheria ya HIPAA ya 1996 kuhusu siri za mgonjwa.

*Mimi ni WAVIU mshauri. Nilisema kwenye kikao kwamba dawa zinaisha mara kwa mara, nikaambiwa nachafua jina la kituo. Nifanyeje?*

Pole sana, ndugu yangu, na usinyamaze. Kikao kijacho nenda na karatasi moja: jina la dawa, tarehe iliyoisha, tarehe iliyorudi, siku ngapi katikati. Muombe mfamasia mlinganishe na leja yake kabla ya kikao, ili karatasi iwe yenu wote wawili. Mara nyingi mfamasia naye ameshaandika maombi yasiyojibiwa, na anatafuta mtu wa kumuunga mkono. Kisha mwenyekiti wa kamati aingize jambo hilo kwenye muhtasari, na nakala ipelekwe kwa mganga mkuu wa wilaya.