Kukagua draiva ya kontrola ya USB: anzia pale waya unapochomoka

Ninakaa Shangani, Mtwara, karibu kabisa na bahari. Upepo wa chumvi umekula tundu moja la USB la kompyuta yangu ya zamani, hadi flashi ikiguswa kidogo tu inapotea, kisha inarudi yenyewe. Kwa kazi za kila siku ni kero tupu. Kwa kukagua draiva mpya ya kontrola (programu inayoendesha chipu ya matundu ya USB), sijapata kifaa cha majaribio kinachoishinda.

Draiva karibu zote husoma flashi vizuri siku ya kwanza, maana mwandishi wake ameshajaribu hilo mpaka amechoka. Huanguka kifaa kinapoondoka katikati ya kazi. Ndiyo maana mimi husoma kuanzia mwisho. Hapa natumia keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wenyewe.

Hatua ya 1: Uliza kama inahitajika. Kontrola ikiwa ya OHCI, EHCI au xHCI, aina za kawaida za kontrola za USB, draiva yake tayari imo ndani ya `drivers/usb/host`. Mara nyingi kinachokosekana ni faili dogo la kuwasha saa na umeme wa chipu. Mwandishi akikosa jibu la maana, kazi yako inaweza kuishia hapa.

Hatua ya 2: Madogo iachie mashine. Endesha `scripts/checkpatch.pl` inayokagua mtindo wa kodi, kisha `make C=1 W=1` inayojenga keneli kwa ukaguzi na maonyo ya ziada. Usipoteze macho yako kwenye nafasi na mabano.

Hatua ya 3: Soma `urb_dequeue`. Hapa ndipo nusu ya muda wangu huenda. Tafuta `struct hc_driver`, orodha ya fanksheni za draiva, iruke `urb_enqueue` (ya kupokea ombi) kwanza, ingia kwenye fanksheni ya kufuta ombi. Ombi, au URB, ni kazi moja ya kutuma au kupokea data ya kifaa. Swali ni moja: ombi likifutwa, kontrola imeshaacha kugusa memori yake? Kontrola hutumia DMA, inaandika kwenye memori bila kupitia kwa prosesa. Ukirudisha bafa mapema, umevunja ghala huku wapagazi bado wanashusha magunia ya korosho. Kwenye EHCI, kwa mfano, ukishaitoa foleni kwenye orodha unaigongea kontrola kengele, unasubiri ikujibu, ndipo unaachia memori. Draiva isiyosubiri jibu la namna hiyo, irudishe.

Kisha tazama jinsi ombi lililokwisha linavyorudishwa kwa mwenyewe:

```
usb_hcd_unlink_urb_from_ep(hcd, urb);
spin_unlock(&x->lock);
usb_hcd_giveback_urb(hcd, urb, status);
spin_lock(&x->lock);
```

Kufuli (spinlock, linalozuia wawili kugusa orodha ya maombi kwa wakati mmoja) lazima liachiwe kabla ya mstari wa tatu. Mwenye ombi anaweza kutuma jingine papo hapo, akaingia `urb_enqueue`, akakuta kufuli lilelile limeshikwa, na mashine ikaganda. Wengi wanalijua hilo. Wanalosahau ni kwamba kufuli likiachiwa, orodha inaweza kubadilika. Ukiona mistari hii ndani ya `list_for_each_entry_safe`, kitanzi cha kupitia orodha, simama hapo. Neno "safe" hukulinda unapofuta kipengele ulichokishika tu. Kile kinachofuata kinaweza kuwa kimeshafutwa na mwingine. Baada ya kushika kufuli tena, ni heri kuanza orodha upya kutoka kichwani.

Hatua ya 4: Intarapti. Hii ni ishara ya kifaa kwa prosesa kwamba kuna jambo. Ikija isiyo ya kontrola yako, draiva irudishe `IRQ_NONE`. Rejista ya kontrola ya PCI ikisomeka `0xffffffff`, yaani biti zote ni 1, huenda chipu imeshaondoka, kwa hiyo kila kitanzi kinachosubiri biti ibadilike kiwe na kikomo cha muda. Ukishika spinlock, memori iombwe kwa `GFP_ATOMIC`, yaani bila kulala ukisubiri.

Hatua ya 5: Muda. Kuriseti tundu la kontrola yenyewe ni angalau milisekunde 50, kisha kifaa kipewe 10 za kupumua. Zile 100 za kusubiri muunganisho utulie ni kazi ya `hub.c`, faili la keneli linalosimamia matundu; draiva ikizirudia, zifute.

Hatua ya 6: Tikisa. Jenga keneli yenye `CONFIG_KASAN` (hunasa memori inayoguswa baada ya kuachiwa) na `CONFIG_PROVE_LOCKING` (hukagua matumizi ya kufuli), washa usbmon inayorekodi mazungumzo ya USB. Chukua flashi isiyo na kitu cha mtu, anza kuisoma kwa `dd`, kisha gusa waya. Rudia. Halafu ondoa draiva kwa `rmmod` huku usomaji ukiendelea. Usiishie kwenye flashi: mimi huazima pia mizani ya kupimia korosho yenye waya wa USB, kwa sababu inatuma data kidogo kidogo bila kukoma, na makosa yake huwa tofauti. Kijana anayenisaidia aliwahi kuniuliza, "Kaka, si imeshafanya kazi? Mbona unaichomoa tena?" Mchomoo uliofuata, KASAN ikapiga kelele.

Hatua ya 7: Andika maoni. Usiandike "hapa pana tatizo la kufuli". Mpe mwandishi mfuatano: "Kufuli linaachiwa hapa; kifaa kikichomolewa wakati huu, `tmp` (kipengele kinachofuata kwenye kitanzi) inaelekeza kwenye memori iliyokwisha kuachiwa." Ambatisha ripoti ya KASAN na useme ulikuwa umechomeka nini.

Fundi wa simu wa Chikongola ananisumbua nimpelekee kompyuta abadilishe lile tundu. Nimemwambia asubiri, toleo la pili la draiva bado halijafika.