Jinsi ya kuomba mkalimani unapojiandikisha ukimbizi Uganda

Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu 2005, lakini usitegemee kwamba karani atakayekuhoji anakijua. Huenda akakuuliza kwa Kiingereza, Kiganda au Runyankole. Mkalimani ni haki yako kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, na hulipii kitu, kama usivyolipia usajili wenyewe. Kijana anayekudaka getini akitaka "ya soda" si mtu wa ofisi.

Ukishaingia nchini una siku 30 za kupeleka ombi. Wanaovukia Bunagana, mpakani na Kongo, wengi hupokelewa kwenye kituo cha Nyakabande, Kisoro. Wengine huenda moja kwa moja Idara ya Wakimbizi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM.

Ukifika mezani, taja lugha kabla hujataja jina. Kama Kiswahili unakijua cha sokoni tu, usione haya: sema Kibembe, Kifulero au Kinyabwisha, na uiandike kwenye karatasi. Mama mwenye mambo mazito ya kusimulia aombe mkalimani mwanamke. Mtoto wako asiwe mkalimani wako, hata akiwa hodari wa Kiingereza.

Sasa penye mtego: familia. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wangu, na baba mdogo ni baba. Mkalimani akitafsiri neno kwa neno, mpwa anaandikwa mwana wa kumzaa. Mimi yalinipata. Miezi baadaye nikaulizwa, "Huyu ulimzaa mwaka gani?" Nikajibu sikumzaa, na karani akaniangalia kama mwongo. Kusahihisha kulinichukua safari nne. Kwa hiyo sema hivi: "Huyu nimemzaa mimi. Huyu amezaliwa na kaka yangu, ninamlea."

Saa nazo zina vituko. Ukiandikiwa "8", ni saa mbili asubuhi, si saa nane mchana.

Msipoelewana na mkalimani, au ukimwogopa kwa sababu ya kabila au upande wake, inua mkono useme hapo hapo. Mwisho wa mahojiano omba usomewe yote yaliyoandikwa: majina yote matatu kwa mpangilio wake, tarehe, kijiji. Usiweke dole gumba kabla ya hapo.

Kamati ya kupima maombi hupewa siku 90 kuamua. Ukikataliwa una siku 30 za kukata rufaa, kwa hiyo barua usiyoielewa isilale mfukoni, itafutie msomaji siku hiyo hiyo. Malalamiko yapigie 0800 323 232, simu ya bure, na hapo pia anza kwa kutaja lugha yako.

Mahakamani ni rahisi zaidi: Katiba, ibara ya 28, inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha mkalimani wa bure. Zahanati ndiyo shida. Huko mimi huenda na jirani anayejua Kiganda, na majina ya dawa ninazotumia nimeyaandika nyuma ya daftari la matibabu.