Mtoto hatulii darasani: namna ya kumpima, kuanzia daftari hadi fomu

Mwongozo huu ni wa afisa tabibu, muuguzi, mwanasaikolojia au mwalimu wa ushauri nasaha anayeletewa mtoto wa miaka 6 hadi 12 na kuambiwa, "Huyu hatulii, hashiki, mzembe." Swali ni kama ana ADHD, yaani tatizo la umakini na utukutu kupita kiasi linaloanza utotoni, au ana jambo jingine. Wengi wetu tukisikia hivyo tunakimbilia fomu ya kuweka tiki. Mimi fomu naiweka karibu na mwisho. Fomu hukusanya maoni ya watu wazima, tena mara nyingi watu wazima waliokwisha kuchoka. Kabla ya maoni yao nataka kuiona kazi ya mtoto mwenyewe, na nataka kujua kama macho, masikio na usingizi wake viko sawa.

Hatua ya 1: Agiza madaftari

Mzazi anapoomba miadi, mwambie aje na madaftari yote ya muhula huu, na ya mwaka jana kama hayajaenda kufungia karanga.

Yafungue bila kutazama alama. Anza na kazi zilizonakiliwa ubaoni: zinaishia wapi? Mtoto mwenye shida ya umakini mara nyingi huanza vizuri juu ya ukurasa, mwandiko umetulia, kisha maneno yanaanza kurukwa, mstari unapinda, kazi inakatika katikati. Kwenye hisabati, swali la kwanza na la pili amejumlisha sawasawa. La tatu lilikuwa la kutoa, naye kajumlisha tu. Mpe swali hilohilo hapo mezani, peke yake, uone. Akilipata, umeshajifunza jambo kubwa: anajua, ila hakai na kazi.

Mtoto asiyejua kusoma daftari lake lina sura nyingine. Makosa yake ni yaleyale asubuhi na mchana, mwanzo wa ukurasa na mwisho wake. Anaweza hata kunakili ukurasa mzima bila kosa, kumbe anachora herufi asizozisoma. Mpe kifungu cha darasa lililo chini ya lake akisome kwa sauti. Akishindwa, upimaji wa kusoma utangulie, kwa sababu yeyote atachezea rula akikalishwa asubuhi nzima mbele ya maandishi asiyoyaelewa. Wapo pia wenye matatizo yote mawili, na si wachache.

Kama kazi za kunakili ubaoni zimejaa makosa lakini za kutoka kitabuni ni safi, simama hapo na umpeleke kwanza kliniki ya macho.

Tazama tarehe vilevile. Daftari lililokuwa zuri hadi Februari na kuharibika Machi linauliza swali: Machi kulitokea nini? Msiba, wazazi kuachana, kuhamishiwa kwa bibi, kipigo, au mtu mzima aliyemfanyia jambo baya. ADHD haianzi Machi. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, vilivyotoka mwaka 2013, vinataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, na baadhi ziwe zilionekana kabla ya mtoto kufikisha miaka 12.

Hatua ya 2: Pima mwili

Macho: chati ya herufi E, mita 6, jicho mojamoja. Masikio: angalia usaha, kisha simama nyuma yake umnong'oneze tarakimu azirudie, sikio moja moja. Koo na pua: uliza kama anakoroma au analala mdomo wazi, kwani tonsi kubwa na nyama za puani huvuruga usingizi, na mtoto asiyelala vizuri hasinzii kama mtu mzima, anakuwa mtukutu. Pima wingi wa damu.

Usingizi wenyewe uhesabu pamoja na mzazi. Mtoto wa umri huu anahitaji saa 9 hadi 12. Kwa Dar es Salaam, yuko mtoto anayeamshwa saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi la shule, na analala saa nne usiku baada ya tuisheni na tamthilia ya sebuleni. Hizo ni saa sita na nusu. Kabla hujaandika neno lolote kwenye faili, rekebisha hilo kwa wiki kadhaa uone.

Uliza historia ya degedege, malaria ya kichwani na dawa anazotumia. Watafiti waliowafuatilia watoto waliolazwa Mulago, Kampala, kwa malaria ya kichwani waliwakuta baadhi yao bado wana kasoro ya umakini miaka 2 baadaye. Kuhusu dawa, ulizia hasa fenobabitoni. Inazuia kifafa, ni rahisi, inapatikana, lakini kwa baadhi ya watoto huleta utukutu na hasira. Mzazi asiiache ghafla hata kidogo. Mrudishe kwa aliyeiandika.

Halafu kuna kifafa cha kuzubaa, ambacho darasani huonekana kama ndoto za mchana. Mtoto anakatika katikati ya neno, macho yanaganda au kope zinapepesa, sekunde chache tu, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kitu. Mwenye mawazo mengi ukimgusa bega anashtuka, huyu hashtuki. Mpe kipande cha karatasi akipulize kwa pumzi ndefu mfululizo kwa dakika 3 ukimtazama. Kama ni kifafa hicho na hajaanza dawa, mara nyingi kitajitokeza mbele yako. Usifanye jaribio hili kwa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa moyo au pumu kali.

Hatua ya 3: Zungumza na mzazi, kisha na mtoto peke yake

Usimuulize mama kama mtoto "ana umakini". Muulize mambo yanayotendeka. "Mama, ukimtuma dukani vitu vitatu, anarudi na vingapi?" "Anachukua muda gani?" "Mkikaa kula, anamaliza akiwa amekaa?" "Sare na kalamu vinapotea mara ngapi?" Kisha mwombe akusimulie siku ya jana, tangu alipomwamsha.

Atakwambia, "Lakini kwenye katuni anakaa saa mbili!" Hilo halithibitishi wala halikanushi. Skrini inabadilika kila sekunde na inamvuta yenyewe; shida hujulikana kwenye kazi ya kuchosha isiyo na zawadi ya papo hapo.

Mtoto naye asikilizwe bila mzazi. "Mwanangu, mwalimu akifundisha, mawazo yako huwa wapi?" Majibu ni ya kila aina: wengine njaa, wengine fimbo, wengine ugomvi wa jana usiku. Na usidanganywe na utulivu wake ofisini kwako. Mahali pageni, mtu mgeni, mbele ya daktari: hata mwenye ADHD ya wazi anaweza kukaa kama maji mtungini kwa nusu saa.

Hatua ya 4: Nenda darasani

Keti nyuma. Chagua mtoto wa kulinganisha, jinsia ileile, umri uleule, anayekaa sehemu inayofanana. Kila nusu dakika tupia jicho kwa wote wawili na uandike: yuko kwenye kazi, au hayuko. Kwa dakika 20 utakuwa na alama 40 za kila mmoja. Kama wote wawili wako nje ya kazi nusu ya muda, basi darasa ndilo lenye tatizo: watoto tisini, dawati moja wanne, hakuna uji tangu asubuhi. Rudia kipindi kingine, ikiwezekana cha somo analolipenda.

Umri uutazame kwa makini. Aliyeanza la kwanza mapema asilinganishwe na waliomzidi karibu mwaka mzima. Huko British Columbia, Kanada, wavulana waliozaliwa Desemba, ambao ndio wadogo kabisa darasani kwao, walipewa jina la ADHD kwa asilimia 30 zaidi ya waliozaliwa Januari.

Na mtafute msichana wa dirishani. Haruki madawati, hampigi mtu, anatabasamu, na daftari lake liko nusu. Walimu hawamleti kwa sababu hasumbui.

Hatua ya 5: Sasa fomu

Fomu ya Vanderbilt, ya kupimia dalili za ADHD, ni ya bure na ilitungwa kwa watoto wa miaka 6 hadi 12. Ya mzazi ina vipengele 55, ya mwalimu 43. Kila dalili hupewa 0 hadi 3, na inahesabika ikipata 2 au 3. Vipengele 9 vya kwanza ni vya umakini, 9 vinavyofuata ni vya utukutu na pupa. Dalili 6 kati ya 9 upande wowote, pamoja na athari za wazi kwenye masomo au mahusiano, ndizo zinazotosha kuendelea. Wengi hujaza sehemu ya dalili na kusahau hiyo ya athari.

Msomee mzazi mwenyewe, na kila anapojibu 3 mwombe mfano. Asipokuwa na mfano, rudi mlijadili upya. Mwalimu awe anamfahamu mtoto kwa miezi kadhaa. Aliyehamia juzi hatakusaidia.

Dalili zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Mama na mwalimu wakipingana, tafuta wa tatu: ustadhi wa madrasa au mwalimu wa shule ya Jumapili anamjua mtoto katika kundi dogo la kukariri, na ushahidi wake mara nyingi ndio unaokata shauri. Shida ikiwa shuleni pekee, rudi kwenye kusoma, macho na viboko. Ikiwa nyumbani pekee, rudi nyumbani.

Hatua ya 6: Andika na upeleke

Kama vigezo vimetimia, mpe rufaa kwa daktari wa akili au wa watoto mwenye uzoefu huo. Uamuzi wa dawa ni wake. Wewe mwandikie mwalimu barua ya nusu ukurasa, kwa ruhusa ya mzazi, yenye mambo anayoweza kuyafanya Jumatatu: akae mbele, mbali na mlango; maswali kumi yagawanywe mara mbili, matano akikaguliwa ndipo apewe matano mengine; maelekezo moja baada ya jingine; kufuta ubao na kukusanya madaftari iwe kazi yake; na asinyimwe mapumziko kwa sababu hakumaliza kazi. Panga mwezi mmoja, mwalimu ajaze tena fomu ileile, na mzazi arudi na madaftari.