Somo: Kubuni saa ya mkononi inayozunguka kama kaseti

Saa nyingi zinazouzwa kwa jina la "kikale" zimebandikwa picha ya kaseti usoni, kisha mishale ya kawaida ikapitishwa juu yake. Hiyo ni picha tu. Hapa tunabuni saa ambayo kaseti yenyewe ndiyo inayokuonyesha wakati.

Hatua ya 1: Chagua mwaka
"Zamani" ni neno pana mno. Philips walitoa kaseti mwaka 1963. Mwaka 1972 ikaingia sokoni Pulsar ya Hamilton, saa isiyo na mishale: unabonyeza kitufe, tarakimu nyekundu zinawaka. Mwaka 1979 ikaja Walkman ya Sony, na muziki wa kaseti ukatembea na mtu njiani. Mimi nachagua 1979. Kuanzia hapa kila uamuzi ujibu swali moja: mbunifu wa mwaka huo angeiwazaje saa ya mwaka 2000?

Hatua ya 2: Tafuta hesabu ndani ya kifaa
Hapa ndipo penye utamu. Gurudumu la kaseti lina meno sita, na sita inagawanya 12 na 60 bila baki. Basi gurudumu la kushoto lionyeshe saa, toka jino hadi jino saa mbili. La kulia lionyeshe dakika, toka jino hadi jino dakika kumi. Kaseti halisi inatuunga mkono: magurudumu yake huzunguka upande mmoja kwa kasi tofauti, kwa kuwa utepe hupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde wakati wote, huku ukipungua kushoto na kujaa kulia.

Meno yakifanana yote, hakuna atakayesoma kitu. Paka jino moja rangi ya chungwa, na kuzunguka kila tundu chora alama 12.

Hatua ya 3: Mashine
Tumia mashine mbili ndogo za betri, zile za saa za kike zenye upana wa milimita 15 hivi, zikae ubavu kwa ubavu. Magurudumu yawe ya plastiki nyembamba sana. Mota ya mashine hizi ina nguvu kidogo. Ukiibebesha chuma itakwama.

Hatua ya 4: Kasha
Kaseti ina milimita 100 kwa 64 hivi. Kwa uwiano uleule unapata kasha la 42 kwa 27. Kata kadibodi ya kipimo hicho, ifunge mkononi, ukae nayo siku nzima kabla ya kuchora zaidi.

Hatua ya 5: Sura
Fedha iliyopigwa msasa, dirisha jeusi, na ile chungwa, basi. Usiikwaruze makusudi ili ionekane kuukuu. Mwaka 1979 vifaa hivi vilikuwa vipya na viling'aa. Badala yake, acha chini ya dirisha ukanda mweupe mtupu, mwenye saa aandike kwa kalamu yake, kama tulivyoandika majina ya nyimbo kwenye kaseti za kurekodi. Kwangu mimi kumbukumbu yote imo kwenye ukanda huo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, santuri je, inafaa badala ya kaseti?*
Inafaa, ila santuri ya LP huzunguka mara 33⅓ kwa dakika, na sahani itakayoonyesha sekunde huzunguka mara moja tu. Chagua mashine ambayo sekunde zake hazirukiruki, maana santuri haisiti.

*Kwa nini tusiweke skrini, kaseti izunguke humo?*
Ni rahisi kutengeneza, lakini inavunja hatua ya kwanza. Skrini ya namna hiyo haikuwepo mwaka 1979. Tarakimu nyekundu za LED, kama zile za Pulsar, nazikubali.

*Naweza kuongeza sauti?*
Saa ya Accutron ya kampuni ya Bulova ya mwaka 1960 ilivuma yenyewe: ndani yake uma mdogo wa chuma ulitetemeka mara 360 kwa sekunde. Kwenye kasha letu spika haina nafasi. Weka kitufe kinacholia "klik" kikibonyezwa, kiwashe taa ya dirishani.

*Mashine mbili hazitapishana?*
Zitapishana kwa sekunde chache kwa mwezi, na gurudumu la saa halitaonyesha tofauti hiyo. La muhimu ni kuzipanga pamoja: weka kifundo cha kurekebishia kila ubavu, vuta vyote viwili, peleka meno ya chungwa kwenye 12, kisha visukume kwa pamoja saa sita kamili.