Kompyuta ya mfukoni ya kioo kikubwa: namna ya kupima maneno ya wamiliki kabla hujanunua

Mmiliki mmoja anasema kioo ni cha ajabu. Mwingine, mwenye kifaa kilekile, anasema macho yanamuuma baada ya dakika 10. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Kinachowatofautisha ni mfumo uliomo ndani, hali ya betri na kazi waliyoipa kifaa. Kwa hiyo usihesabu sifa na malalamiko kama kura. Chukua kila neno, uliza limetokana na nini, kisha lipime kwenye kifaa utakachokishika mkononi.

Hapa tunazungumzia vifaa vitatu ambavyo bado vinatafutwa na wapenda kioo kikubwa: HP iPAQ hx4700 ya 2004, Dell Axim X51v ya 2005 na Palm TX ya 2005. Vyote leo ni vya mtumba, na umri wao ni sehemu ya kila jibu.

Kioo: inchi si pikseli

Hapa ndipo maoni yanapogongana kuliko kwingine kote. hx4700 ina kioo cha inchi 4 chenye pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 480 kwa 640. X51v ina pikseli hizohizo kwenye inchi 3.7. Palm TX ina inchi 3.9 lakini pikseli 320 kwa 480. Ukipiga hesabu, hx4700 inapata pikseli 200 kwa inchi, X51v karibu 216, na TX karibu 148. Ndiyo maana aliyetoka kwenye X51v huiona TX ina herufi zenye ngazi pembeni, ilhali kwa mkono kioo chake ni kikubwa zaidi.

Sasa sikiliza lalamiko hili, maana utalikuta sana: "Kioo ni kikubwa lakini hakionyeshi zaidi ya kile changu cha zamani." Ni kweli, na sababu yake ni Windows Mobile yenyewe, mfumo unaoendesha hx4700 na X51v. Kwenye vioo vya 480 kwa 640, mfumo unachora kila kitu kwa kipimo cha nukta 192 kwa inchi, yaani mara mbili ya 96 iliyotumika kwenye vioo vya 240 kwa 320. Herufi zinakuwa laini, picha zinang'aa, lakini idadi ya mistari kwenye ukurasa inabaki ileile. Programu ya zamani isiyojua kioo kipya hukuzwa tu, pikseli moja ikawa nne.

Wamiliki wanaosema "naona jedwali zima bila kusogeza" mara nyingi wameweka programu ndogo ya kurudisha kipimo hicho kwenye 96. Mistari inaongezeka maradufu, ila herufi kubwa za menyu zinabaki na urefu wa takriban milimita 1, na kibodi ya kwenye kioo inakuwa ndogo kiasi kwamba bila kalamu hugusi herufi uliyoikusudia. Huyo ndiye yule anayesema macho yanamuuma. Ukisoma sifa au lawama ya kioo cha hx4700 au X51v, swali la kwanza ni hili: anatumia 192 au 96? Bila jibu hilo, maoni yake hayakusaidii.

Palm TX ina tabia yake. Theluthi ya chini ya kioo ni eneo la kuandikia kwa kalamu ambalo unaweza kulificha. Programu zinazojua jambo hilo hutanuka hadi pikseli zote 480. Zile za zamani hukaa kwenye mraba wa juu wa 320 kwa 320, na eneo la kuandikia halifichiki. Kama unanunua kwa ajili ya programu moja ya zamani unayoipenda, hakikisha kwanza kama inatanuka. La sivyo unalipia kioo ambacho theluthi yake hutaitumia.

Kupima kioo mkononi fanya hivi. Fungua picha nyeupe tupu ijaze kioo, weka mwanga juu kabisa, tafuta madoa ya manjano na pikseli zilizokufa. Kisha shusha mwanga hadi chini kabisa: taa iliyochoka huonyesha upande mmoja hafifu kuliko mwingine. Mwisho toka nje juani. Vioo hivi huakisi sehemu ya mwanga wa nje, kwa hiyo maandishi yasomeke hata taa ikiwa imezimwa, ingawa rangi zitafifia.

Mguso

Vioo hivi havihisi kidole kama simu za leo. Juu kuna utando laini wa plastiki, chini kuna kioo, katikati kuna nafasi nyembamba mno. Ukibonyeza, tabaka hizo mbili zinagusana na kifaa kinasoma mahali zilipogusana. Kwa hiyo "haigusiki vizuri" inaweza kuwa na maana tatu tofauti, na moja tu ndiyo mbaya.

Fungua programu ya kuchorea au ya kuandika maelezo. Chukua kalamu ya plastiki, chora mstari wa mshazari polepole kutoka kona ya juu kushoto hadi kona ya chini kulia, kama sekunde 5. Angalia wino unavyofuata ncha. Ukitokea mbali na ncha lakini mstari umenyooka, tatizo ni vipimo tu: nenda kwenye mipangilio ya kioo, gusa alama za msalaba katikati kabisa, umemaliza. Mstari ukinyooka kisha ukaruka karibu na ukingo, kuna uchafu kati ya fremu na utando. Zima kifaa, chukua kipande cha karatasi ngumu kama ya kadi ya biashara, kipitishe taratibu kwenye ufa ule pande zote nne. Mavumbi na chembe za chakula zinatoka, na mara nyingi lalamiko la "inajibonyeza yenyewe" linaisha hapo. Usitumie sindano wala wembe, ukingo wa utando unakatika kirahisi.

Mstari ukitetemeka kama ngazi katikati ya kioo hata baada ya kupanga vipimo upya, utando umechakaa. Hicho ni kioo cha kubadilisha, na kwa vifaa hivi kukipata kipya ni kazi ngumu. Kiache.

Betri

Mtu akisema "inakaa siku nzima" na mwingine "saa moja na nusu", usishangae. hx4700 inatumia betri ya kutoa ya mAh 1800 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), na ilikuwapo kubwa ya 3600. X51v ilikuja na 1100, kubwa yake ni 2200 na inaongeza unene mgongoni. Anayesifia chaji bila kutaja betri gani hajakwambia kitu. Palm TX betri yake iko ndani, haitoki bila kufungua kifaa, kwa hiyo kwa TX ya mtumba dhani kwamba betri ni ya zamani mpaka muuzaji akuonyeshe vinginevyo.

Kipimo chenye maana: chaji hadi 100%, zima waifai na Bluetooth, weka mwanga katikati, fungua kitabu kijisogeze chenyewe kwa dakika 60. Ikibaki 75% au zaidi, iko vizuri. Ikiwa chini ya 60%, hesabu gharama ya betri nyingine. Kuna dalili mbaya zaidi ya kushuka haraka, nayo ni kuruka: inasoma 70%, unawasha waifai, ghafla 20% au inazima. Seli imezeeka na haiwezi tena kutoa umeme mwingi kwa wakati mmoja.

Betri ya kutoa iweke juu ya meza iliyo sawa, izungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba katikati. Usiichaji, usiitoboe, ipeleke panapokusanywa betri mbovu.

Data hukaa wapi

Kuna lalamiko zito ambalo halihusu ubovu: "Betri iliisha, nikapoteza kila kitu." Kwenye Windows Mobile 2003, ambayo hx4700 ilitoka nayo, majina, miadi na programu ulizoweka hukaa kwenye memori inayohitaji umeme muda wote. Umeme ukikatika, kifaa kinaamka kikiwa kama kimetoka kiwandani. X51v, yenye Windows Mobile 5.0, na Palm TX huhifadhi kwenye memori isiyohitaji umeme. HP nayo baadaye ilitoa 5.0 kwa ajili ya hx4700, kwa hiyo hx4700 mbili zinaweza kuwa na tabia mbili. Fungua Settings, kisha System, kisha About, usome mwenyewe.

Ubaya wa upande wa pili upo: kuandika kwenye memori hiyo ya kudumu ni polepole. Anayelalamika kwamba kifaa "kinasita" baada ya kupandishwa hadi 5.0 hajakosea. Kwa matumizi ya leo, bado usalama wa data una thamani kuliko wepesi huo. Ukibaki na 2003, fanya mambo mawili: tengeneza nakala kwenye kadi kila baada ya mabadiliko makubwa, na weka mafaili ya kusakinishia kwenye iPAQ File Store, sehemu ambayo haifutiki umeme ukikata.

Kadi

"Haisomi kadi" karibu kila mara ni kadi kubwa kupita uwezo. Kadi za SDHC, zile za juu ya GB 2, zilitoka 2006, baada ya vifaa hivi kutengenezwa. Tumia SD ya kawaida ya GB 2 au chini, uiformati kwa FAT16, mpangilio wa zamani wa mafaili. hx4700 na X51v zina pia mlango wa CF (CompactFlash), aina nyingine ya kadi iliyo pana kuliko SD. Humo kadi kubwa zaidi kwa kawaida husomeka ikiformatiwa kwa FAT32, na hii ni sababu tosha ya kuzipendelea kuliko TX kwa anayebeba filamu au vitabu vingi.

Kabla ya kuingiza kadi ya CF, mulika tochi ndani ya mlango wake. Kuna pini 50 katika safu mbili. Zote ziwe zimesimama wima kwa urefu mmoja. Mtu aliyeingiza kadi ikiwa imepinda huacha pini moja imelala, na kadi inayofuata inaivunja kabisa.

Filamu ya dakika 90 kwa kilobiti 500 za picha na 96 za sauti kwa sekunde inachukua MB 400 hivi, kwa hiyo kadi ya GB 2 inabeba nne na nafasi inabaki. Usiweke faili la ukubwa wa leo kisha ukalaumu kichakataji. X51v ina chipu yake ya michoro, Intel 2700G yenye MB 16, lakini husaidia tu pale kicheza filamu kinapojua kuitumia. Hapo ndipo mmoja anasema filamu inatiririka na mwingine anasema inakwamakwama.

Mtandao

Usinunue kwa ajili ya intaneti. Waifai ya vyote vitatu ni ya kiwango cha zamani cha 802.11b, mawimbi ya 2.4 GHz pekee. Ruta iliyowekwa kwenye 5 GHz au kwenye ulinzi mpya wa WPA3 haitaonekana au itakataa. Na hata ukiunganika, vivinjari vya wakati ule havijui usimbaji ambao tovuti nyingi za sasa zinaudai, hivyo ukurasa haufunguki. Usilegeze ulinzi wa mtandao wako mkuu kwa ajili ya kifaa hiki. Kama ni lazima, fungua mtandao wa wageni uliotengwa, ukimaliza uzime.

Kuunganisha na kompyuta

Vifaa vya Windows Mobile vilitumia programu ya kuviunganisha iitwayo ActiveSync kwenye Windows XP, kisha Windows Mobile Device Center kwenye Vista na 7. Kwenye Windows 10 wengi hukata tamaa: programu inafunguka, nembo inakaa, kisha kimya. Dawa yake ni hii:

1. Fungua orodha ya huduma kwa kuandika services.msc kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows.
2. Tafuta huduma mbili za muunganisho wa vifaa vya Windows Mobile, ambazo majina yao ya ndani ni WcesComm na RapiMgr.
3. Kwenye kila moja, ukurasa wa Log On, chagua Local System account.
4. Zisimamishe na kuzianzisha upya, kisha chomoa waya na uchomeke tena.

Ikishindikana, kisoma kadi kinatosha kuhamisha vitabu na muziki.

Vitufe

hx4700 haina kitufe cha pande nne. Ina bamba la kugusa kama la kompyuta mpakato. Wacheza michezo hulichukia, na wana haki, maana kidole hakipati mpaka wa kujua kimefika wapi. Kwa kusoma linatosha kabisa. Lina hali mbili, ya kusogeza na ya mshale, na anayelilaumu sana aulizwe kama alijaribu zote mbili. Kwenye Palm TX bonyeza kitufe cha kuwashia mara 20 mfululizo. Hapo ndipo malalamiko ya TX yanapoangukia, na kitufe kikikosa kuitika hata mara mbili, kitakuja kugoma.

Mwisho kagua waya. Soketi za chini za vifaa hivi vitatu hazifanani, waya wa kimoja hauingii kwenye kingine, na chaja za simu za leo hazina plagi hizo. Kifaa kizuri kisicho na waya wake kipunguziwe bei, au muuzaji autafute waya kwanza ndipo mzungumze.