Jinsi ya Kurithisha Uongozi wa Kampuni ya Mavazi Bila Kuipoteza Chapa

Kampuni ya mavazi inapobadilisha kiongozi hukabidhi mambo mawili kwa mkupuo mmoja: mamlaka ya kuendesha biashara, na mamlaka ya kuamua nguo zake zionekaneje. La kwanza huandaliwa kwa makini, kwa kamati, mahojiano na mikataba mirefu. La pili mara nyingi huachwa lijitatue lenyewe, ilhali ndilo mteja analolinunua. Mwongozo huu unawalenga wajumbe wa bodi, wamiliki na waanzilishi wanaojua kwamba siku ya kukabidhi itafika, na msimamo wake ni kwamba chapa iandikwe kwanza, mrithi atafutwe baadaye. Wengi hufanya kinyume, wakitarajia kwamba mtu mwenye sifa kubwa atakuja na jibu la swali ambalo kampuni yenyewe haijawahi kujiuliza.

Amua nani anaamua nini

Anza kwa kuorodhesha maamuzi, usianze na vyeo. Andika kila jambo ambalo kiongozi wa sasa hulitolea kauli ya mwisho: uteuzi wa vitambaa, rangi za msimu, umbo la nguo, bei ya rejareja, kiasi kinachoagizwa viwandani, tarehe na ukubwa wa punguzo, picha za matangazo, mwonekano wa maduka, pamoja na leseni za kutumia jina la kampuni kwenye manukato au miwani. Mbele ya kila jambo weka jina la mtu mmoja tu atakayeamua baada ya makabidhiano. Mstari unaogombewa na majina mawili ndio utakaozaa mgogoro, na ni afadhali mgogoro huo uzuke mezani kabla mkataba haujasainiwa.

Ralph Lauren, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1967, alikabidhi ukurugenzi mkuu mwaka 2015 kwa Stefan Larsson, mtu aliyejijengea jina H&M na baadaye Old Navy, zote chapa za mavazi ya bei nafuu. Februari 2017 ilitangazwa kwamba Larsson anaondoka, na pande zote mbili zikakiri kuwa walitofautiana kuhusu namna ya kuendesha ubunifu na mambo yanayomgusa mteja moja kwa moja. Hakuna aliyetilia shaka uwezo wake. Kilichogombewa ni mistari ile ile ya orodha niliyoitaja. Patrice Louvet, aliyeingia mwaka huo huo akitokea Procter & Gamble, kampuni ya bidhaa za nyumbani, alimwachia mwanzilishi ubunifu, kisha akafanya kazi ngumu upande wa pili, yaani kupunguza mapunguzo ya bei na kuondoa nguo za kampuni kwenye baadhi ya maduka yaliyokuwa yakizishushia hadhi. Hiyo nayo ni kazi ya chapa, tena kubwa, ila haimlazimu anayeifanya kushika mkasi.

Kishawishi cha kumpa mtu mmoja kila kitu kipo, na Burberry, kampuni ya mavazi ya Uingereza, ilikifuata mwaka 2014, mkurugenzi mkuu Angela Ahrendts alipoondoka na Christopher Bailey, mkuu wa ubunifu, akaongezewa ukurugenzi mkuu. Mwaka 2017 cheo hicho kilihamishiwa kwa Marco Gobbetti, na mwaka uliofuata Bailey akaondoka kabisa. Hatari ya kinyume chake ni viongozi wawili kuondoka siku moja. Mwaka 2004 Gucci iliwapoteza kwa pamoja Tom Ford, aliyebuni, na Domenico De Sole, aliyeendesha biashara, baada ya mazungumzo ya mikataba yao kushindikana. Kwa hiyo panga mikataba ya nafasi hizi mbili imalizike katika miaka tofauti, ili daima abaki mmoja anayejua nyumba ilivyo.

Iandike chapa mezani, nguo zikiwa mbele yako

Maneno kama "ubora", "uhalisia" na "ujasiri" hayamsaidii mrithi, kwa sababu kila kampuni shindani huyaandika pia. Kinachosaidia ni zoezi linalochukua siku nzima na linalohitaji meza ndefu. Toa kwenye takwimu nguo ishirini ambazo, kwa misimu kadhaa, zimeuzwa kwa wingi bila punguzo lolote. Mauzo ya punguzo yasihesabiwe, maana hupima bei na kuficha mapenzi ya mteja. Ziba lebo na nembo zote, changanya nguo hizo na za washindani wenye bei ya karibu, kisha waite watu wa aina tatu: wauzaji wa dukani, mafundi wa kukata, na wateja wa muda mrefu. Mmoja mmoja aingie peke yake, achague zile anazoamini ni zenu, na aeleze amezijuaje.

Sikiliza mikono yao kuliko midomo yao. Muuzaji atashika kola na kuibinya aone ugumu wake. Fundi ataigeuza nguo ndani nje na kutazama mshono wa bega na jinsi ukingo wa kitambaa ulivyofungwa. Mteja ataivaa, atainua mikono, kisha atasema kwamba hii inakaa kama ile yake ya zamani. Andika kila wanachogusa. Vitu vinavyojirudia kwa watu wengi, uwe uzito wa kitambaa, umbali kati ya vifungo, kimo cha kiuno au mkato wa mkono, viingie kwenye safu ya mambo yasiyobadilishwa bila idhini ya bodi. Vitu ambavyo hakuna aliyevitaja ni uwanja huru wa mrithi, na aambiwe hivyo kwa maandishi. Uongozi wa zamani hushangazwa mara nyingi na matokeo, kwa kuwa jambo ulilolipigania kwa miaka mingi huweza kukosa hata mtu mmoja anayelitaja.

Safu hiyo ya kwanza iwe fupi. Ikiwa ndefu, umemwajiri mlinzi wa makumbusho. Ikikosekana kabisa, kila mrithi ataanza upya. Burberry ina hazina iliyo wazi kuliko kampuni nyingi: gabadini, kitambaa kinachozuia mvua, aliyoivumbua Thomas Burberry mwaka 1879, koti la mvua lililotokana nayo, na mchoro wa miraba uliotumika kwanza kama bitana la makoti hayo. Hata hivyo, mwaka 2018, mbunifu mpya alipoingia, nembo ilibadilishwa kuwa herufi nyofu zisizo na pambo. Mwaka 2023, chini ya mbunifu mwingine, mchoro wa mpanda farasi wa nembo ya zamani ukarudishwa. Novemba 2024 mkurugenzi mkuu mpya, Joshua Schulman, alitangaza mpango wa kuelekeza nguvu tena kwenye makoti na skafu, yaani mahali ambapo zoezi la meza lingewafikisha tangu awali. (Nembo, kwa maoni yangu, ndilo jambo la kwanza ambalo kiongozi mpya anapaswa kuzuiwa kuligusa katika mwaka wake wa kwanza. Hubadilishwa mapema kwa sababu ni rahisi kubadilisha, wala si kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kasoro.)

Mahali pa kuuzia nako kuandikwe. Nike, chini ya John Donahoe aliyeanza mwaka 2020, iliegemea mauzo ya moja kwa moja kwa mteja na kupunguza wafanyabiashara wengine waliokuwa wakiuza bidhaa zake. Nafasi zilizoachwa kwenye rafu zikachukuliwa na washindani. Oktoba 2024 alirudishwa Elliott Hill, aliyeingia kampuni hiyo mwaka 1988 kama mwanafunzi wa mafunzo kazini na kustaafu mwaka 2020, na miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kurejesha uhusiano na wafanyabiashara hao. Rafu ni sehemu ya chapa, kwani mteja anayeikuta bidhaa yako kando ya nyingine huipima hapo hapo.

Kumpima mtu wa ndani na mtu wa nje

Mabishano kuhusu kuteua wa ndani au wa nje hupoteza muda mwingi bila sababu. Chip Bergh alitoka Procter & Gamble akaiongoza Levi Strauss, kampuni ya jinzi, kuanzia mwaka 2011 hadi 2024 kwa mafanikio. Paul Pressler alitoka Disney mwaka 2002 kuchukua Gap, kampuni ya maduka ya mavazi, kutoka kwa Mickey Drexler aliyekuwa na jicho la nguo kuliko wengi. Nidhamu ya fedha ilirudi, lakini mauzo yalidorora na Pressler akaondoka mwanzoni mwa 2007. Swali la kuuliza ni hili: mtu huyu akiingia, jicho la nguo litabaki kwa nani, na je, huyo ana mamlaka ya kumpinga? Ikiwa anayeondoka ndiye aliyekuwa jicho hilo, basi hamhitaji mkurugenzi mmoja tu, mnahitaji wawili.

Kwa mtu wa ndani, kipimo kizuri ni kumpa kundi dogo la nguo alisimamie kuanzia kitambaa hadi rafuni, awe na bajeti yake, na zaidi ya yote awajibike kwa mzigo utakaobaki bila kuuzwa. Michoro mizuri huchora wengi. Anayekubali kukata idadi ya oda kwa nguo aliyoipenda mwenyewe, baada ya kuona sampuli haikai vizuri, ndiye wa kumfuatilia. Alessandro Michele alikuwa ndani ya Gucci tangu mwaka 2002 kabla ya kupandishwa kuwa mkuu wa ubunifu mwaka 2015, na kilichofuata kiliibadilisha kampuni kwa miaka kadhaa. Kumbe mtu wa ndani si lazima awe mtu wa kuendeleza yale yale.

Fuata kalenda ya misimu, acha kalenda ya fedha

Nguo iliyoko dukani leo ilichorwa miezi mingi iliyopita, na kitambaa chake kiliagizwa kabla oda za wauzaji hazijafungwa. Kiongozi mpya hutumia sehemu kubwa ya mwaka wake wa kwanza akiuza maamuzi ya mtangulizi. Sabato De Sarno, mbunifu aliyemfuata Michele, alionyesha mavazi yake ya kwanza ya Gucci Septemba 2023, yakaanza kuingia madukani mwanzoni mwa 2024, naye akaondoka Februari 2025. Mauzo ya Gucci yaliyokuwa takriban euro bilioni 10.5 mwaka 2022 yalishuka hadi takriban bilioni 7.7 mwaka 2024, katika kipindi ambacho soko zima la anasa lilikuwa limepoa, na kwa muda wote huo mteja alikuwa akiona kazi ya wabunifu wawili wenye ladha zilizopishana mno. Haiwezekani kutenganisha hapo kosa la mtu, kosa la mkakati na hali ya soko. Kwa hiyo bodi ikubaliane mapema itapima nini na lini. Napendekeza msimu wa kwanza upimwe kwa utekelezaji tu, yaani nguo kufika kwa wakati na sampuli kufanana na bidhaa, na mauzo ya bei kamili yaanze kuhesabiwa kuanzia msimu wa pili ulio wake kikamilifu.

Muda wa kupishana nao uhesabiwe kwa misimu. Levi Strauss ilimwingiza Michelle Gass kama rais wa kampuni Januari 2023, naye akapokea ukurugenzi mkuu mwishoni mwa Januari 2024. Mwaka mzima humtosha mrithi kuona mzunguko wa uagizaji ukianza na kuisha.

Mwanzilishi na hisa zake

Mwanzilishi anayebaki jengoni huendelea kuongoza hata asiposema neno. Tadashi Yanai wa Fast Retailing, kampuni inayomiliki Uniqlo, alimkabidhi urais Genichi Tamatsuka mwaka 2002 na kuuchukua tena mwaka 2005. Kevin Plank wa Under Armour, kampuni ya mavazi ya michezo, aliachia ukurugenzi mkuu mwaka 2020, akaurudia mwaka 2024 baada ya warithi wawili. Anayekusudia kubaki apewe kazi yenye mipaka: mikutano gani ahudhurie, sampuli gani aone, na atoe maoni kwa nani. Wabunifu wasipelekewe maagizo kando ya bosi wao.

Hisa ni jambo la wanasheria, ila zina sehemu moja inayogusa chapa. Giorgio Armani, mbunifu na mwanzilishi wa kampuni yenye jina lake, aliyefariki Septemba 2025, alikuwa ameanzisha wakfu mwaka 2016 ili uje kusimamia kampuni, na kanuni za kampuni ziliutaja hata mtindo wenyewe: wa kisasa, wa kifahari usiojionyesha, unaojali undani. Wosia wake uliagiza kuuzwa kwa asilimia 15 ya hisa ndani ya miezi 18, huku wakfu ukitakiwa kubaki na si chini ya asilimia 30. Ubunifu ulibaki kwa Leo Dell'Orco na Silvana Armani, watu waliofanya kazi naye kwa miongo. Mnunuzi wa hisa hizo atakuta sentensi ya mtindo ikiwa tayari kwenye karatasi.

Liko pia suala la dharura, ambalo bodi hulikwepa kwa sababu halipendezi kujadiliwa. Mbunifu Alexander McQueen alifariki Februari 2010 mavazi ya msimu yakiwa hayajakamilika. Timu yake iliyakamilisha na kuyaonyesha mwezi uliofuata, na mwezi wa Mei, Sarah Burton, aliyekuwa naye tangu miaka ya 1990, akateuliwa kuwa mkuu wa ubunifu. Andikeni jina la mtu atakayeidhinisha sampuli na kufunga oda kesho asubuhi iwapo kiongozi hayupo, mwenye jina hilo aambiwe, wasimamizi wa viwanda na wa malipo wapewe barua ya kuthibitisha mamlaka yake, na jina hilo lipitiwe upya kila oda za msimu zinapofungwa.